Daftari Limejaa, Mwanafunzi Je?

Kilikuwa kipindi cha mwisho kabla ya chakula cha mchana, kidato cha 1, katika shule moja hapa Kampala. Ubao ulikuwa umejaa kona hadi kona: ngeli ya A-WA, ngeli ya KI-VI, ngeli ya U-I, mistari imepigwa kwa rula, kila ngeli na mifano yake mitatu. Wanafunzi zaidi ya 70 walikuwa wameinama wakinakili, na kilichosikika ni kalamu tu na honi za bodaboda huko nje. Mtu aliyepita dirishani angesema hapa kazi inafanyika. Mimi niliyeshika chaki niliamini hivyo pia.

Mara vitabu vya msichana wa dawati la mbele vikaporomoka sakafuni. Nikaona nimepata mfano wa bure, nikamwomba aniambie kwa Kiswahili kilichotokea. Akatazama ubao, akafunua daftari lake, akarudi kwenye ubao. Sentensi "kitabu kimeanguka" alikuwa ameiandika dakika 10 tu zilizopita, tena kwa kalamu nyekundu. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, "Kitabu zangu... ameanguka." Wakati huo huo jirani yake alikuwa akimnong'oneza mwenzake habari hiyo hiyo kwa Kiganda: ebitabo bigudde.

Ebitabo bigudde. Vitabu vimeanguka. Kiambishi cha wingi kimekaa kwenye jina, kikajirudia kwenye kitenzi, sawasawa na Kiswahili. Ukisema kimoja, ekitabo kigudde, kitabu kimeanguka. Ukisema mti, omuti gugudde. Miti, emiti gigudde. Nilikuwa nimetumia wiki 2 kuwafundisha kama kitu kigeni jambo ambalo wengi wao hulifanya bila kosa tangu walipoanza kusema. Nilikuwa sijawauliza.

Kesho yake nilifuta ubao wote. Nikawaomba wanipe sentensi za Kiganda kuhusu vitu vilivyomo darasani, nikaziandika upande wa kushoto, kisha tukatafuta pamoja za Kiswahili upande wa kulia. Hawakuhitaji jedwali langu. Walilichora wenyewe, na mvulana mmoja akagundua kwamba ki na bi za kwao ndizo ki na vi zetu. Lakini kabla kipindi hakijaisha niliona jambo la pili, na hili ndilo lililonifanya nifikirie upya kazi yangu yote. Nyuma ya darasa walikaa wanafunzi 6 au 7 waliokuwa kimya. Wawili walitoka Gulu, na Kiacholi, kama lugha nyingine za Kiluo, hakina ngeli za namna hiyo. Mmoja alikuwa Msomali wa mtaa wa Kisenyi. Wengine walikuwa watoto wa wakimbizi kutoka Kongo, ambao Kiswahili wanakizungumza nyumbani, ila kile cha kwao, chenye sarufi iliyolegezwa, na hapa walikuwa wakiambiwa kila siku kwamba wanakosea. Daraja la Kiganda lililowavusha wenzao halikuwafaa hawa. Wale wa Gulu na yule wa Kisenyi walihitaji maelezo ya taratibu na mazoezi mengi. Wakongo walihitaji mtu wa kuwaambia kwamba wana mtaji, kisha awaoneshe mahali pa kurekebisha.

Nawaandikia walimu wenzangu, na wazazi wanaotulipa karo na kutuamini. Mjadala wa mitindo ya kufundisha mara nyingi huendeshwa kama mpambano: mwalimu wa kizamani anayezungumza peke yake upande mmoja, mwalimu wa kisasa mwenye vikundi na karatasi za manila upande mwingine. Nimefundisha kwa mitindo yote miwili, na nimefeli kwa yote miwili. Siku hizi kila mtindo naupima kwa swali moja: je, unanijulisha mapema kiasi gani kile ambacho mwanafunzi hajakielewa? Mtindo unaonifikishia habari hiyo kabla kengele haijalia, huo ni mzuri hata kama ni chaki na sauti tu. Unaonifichia hadi matokeo ya UNEB, baraza la taifa la mitihani, yatoke ni mbaya, hata kama darasa limejaa rangi.

Swali hili lina uzito kwetu kwa sababu Uganda imebadilisha mtaala. Februari 2020 mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioandaliwa na kituo cha taifa cha mitaala, NCDC, ulianza na wanafunzi wa kidato cha 1. Mwezi uliofuata shule zikafungwa kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Walimu waliokuwa ndio kwanza wanajifunza kufundisha upya walijikuta nyumbani, wengine wakiuza chapati, wengine wakiendesha bodaboda. Kundi la kwanza la mtaala huo lilifanya mtihani wa kidato cha 4 mwishoni mwa 2024. Asilimia 20 ya alama sasa hutoka kwenye kazi za darasani na miradi, asilimia 80 kwenye mtihani wa mwisho. Kiswahili nacho kikawa somo la lazima kwa kidato cha 1 na cha 2, na walimu wake hawakutosha tangu siku ya kwanza.

Mtaala unataka mwanafunzi atende, achunguze, ashirikiane. Nia hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini katika kuipokea, wengi wetu tulielewa kwamba mwalimu sasa hatakiwi kueleza. Nimeingia madarasa ambamo wanafunzi wamepangwa vikundi 9, wamepewa swali wasilolijua kabisa, mwalimu yuko dirishani na simu yake, na baada ya dakika 30 kila kikundi kinawasilisha makosa yale yale kwa sauti kubwa. Watoto wale hawakufundishwa siku ile.

Kwa hiyo nianze kwa kuutetea mtindo unaosemwa vibaya kuliko yote, ule wa mwalimu kusimama na kueleza.

Mtu anayeanza jambo jipya hana mahali pa kulishikiza. Akili yake hubeba vitu vichache tu kwa wakati mmoja, na ukimtupia swali gumu kabla hajaona mfano, nguvu yote huishia kwenye kuhangaika. Mwaka 1985 John Sweller na mwenzake Graham Cooper, huko Australia, walionesha jambo hili kwa aljebra: wanafunzi waliosoma kwanza mifano iliyofanywa hatua kwa hatua walifanya vizuri kuliko wale waliotupwa moja kwa moja kwenye maswali. Kwa mwalimu mwenye darasa kubwa hii ni habari njema. Tangu elimu ya msingi bila ada, yaani UPE, ilipoanza mwaka 1997, idadi ya watoto shuleni iliruka kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 ndani ya mwaka mmoja, na madarasa yetu hayajapumua tangu hapo. Maelezo mazuri ya dakika 8, yenye mfano mmoja uliofunguliwa mbele ya macho ya wote, ndiyo huruma kubwa unayoweza kuwafanyia watoto 90.

Lakini angalia hizo dakika 8. Maelezo hugeuka sumu yanapokuwa dakika 40. Mimi hueleza jambo moja, nafanya mfano mmoja nikisema kwa sauti kila ninachofikiri, hata pale ninapositasita: "Hapa nataka kuandika za, ngoja, vitabu ni vi, basi vyangu." Kisha naacha. Mfano wa pili nauanza mimi, wanaumalizia wao. Wa tatu ni wao peke yao, kwenye daftari, nami napita kati ya madawati. Mwanafunzi anapozidi kuelewa, mimi nazidi kunyamaza. Yule aliyekwisha kuelewa, ukiendelea kumweleza, unamchosha bure. Mpe swali gumu zaidi au mpe mwenzake wa kumsaidia.

Na uache kutoa imla kama ndiyo kazi yenyewe. Kama ni lazima wawe na maelezo kwenye daftari, toa kitini cha nusu ukurasa, au andika ubaoni mistari 5 mwishoni, baada ya kufanya kazi. Ninajua gharama ya karatasi, na ninajua kwamba shule nyingi hazina mashine. Basi mistari 5 inatosha. Daftari la msichana yule lilikuwa na kurasa 11 za ngeli.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wetu mkubwa zaidi, ambao hauna uhusiano na mtaala wa zamani wala mpya. Kila aliyesoma Afrika Mashariki anaujua wimbo huu:

"Mji mkuu wa Uganda ni Kam...?"

"...palaaa!"

"Nomino ni neno linalotaja ji...?"

"...naaa!"

"Tumeelewana?"

"Ndiyo mwalimuuu!"

Mwalimu anasikia sauti 70 na anapata raha. Ukikaa kati yao, kama nilivyokaa siku moja nikimtazama mwenzangu akifundisha, utasikia kitu kingine. Wapo 10 wanaojua na wanaanza. Wapo 40 wanaodaka silabi ya mwisho kutoka kwa wale 10. Waliobaki wanafungua midomo. Kuitikia kwa pamoja kuna mahali pake, hasa kwa watoto wadogo wanaojifunza matamshi, na ni utamaduni wetu wa kuimba na kuhadithiana ambao siutaki ufe. Ila kama kipimo cha kuelewa, kuitikia huko hakukwambii chochote.

Dawa ya kwanza ni kunyamaza. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alipima, miaka ya 1970, muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali, akakuta ni kama sekunde 1 tu. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yakarefuka, waliokuwa wakinyamaza wakaanza kusema, na wanafunzi wenyewe wakaanza kuuliza. Sekunde 3 zinasikika chache hadi uzijaribu mbele ya darasa la Kampala saa 8 mchana. Zinachoma. Mikono ya wale wale watatu inapaa, "Mwalimu! Mwalimu!", nawe unataka kuwapa. Usiwape. Hesabu kimoyomoyo, kisha taja jina la mtu ambaye hakunyoosha mkono, kwa sauti ya kawaida, bila kumvizia.

Dawa ya pili ni kuwafanya wote wajibu kwa wakati mmoja bila kusikilizana. Shule zenye fedha hutumia vibao vidogo vyeupe. Sisi hutumia kipande cha karatasi ngumu kilichofunikwa kwa nailoni, au vidole tu: jibu la kwanza kidole 1, la pili vidole 2, mkono kifuani ili jirani asione, nikihesabu hadi tatu wote wanaonesha. Kwa sekunde 5 nimejua kwamba nusu ya darasa imechagua jibu lisilo sahihi. Ningelijua jambo hilo kwenye mtihani wa mwisho wa muhula, lisingekuwa na faida kwa yeyote.

Kuna dawa ya tatu, ya mwanzo wa kipindi. Kabla ya kufungua daftari, waandike kwenye kipande cha karatasi mambo 3 wanayoyakumbuka kutoka kipindi kilichopita. Haina alama. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionesha kwamba wanaosoma kifungu tena na tena hukumbuka zaidi baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja waliojilazimisha kukumbuka bila kuangalia ndio wanaobaki na mengi. Waliorudia kusoma ndio waliojiamini zaidi, na ndio waliosahau zaidi. Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaoilaani mitihani ya majaribio kutoka kwa wachapaji wa Nasser Road inayozagaa kila muhula. Karatasi zile zikitumika kumfanya mtoto akumbuke mwenyewe, kisha akaoneshwa kosa lake siku hiyo hiyo, zinafundisha. Zinapotolewa pamoja na majibu ya kukariri ndipo zinapoua.

Vikundi navyo havikosi maana, na mfano mzuri uko hapa hapa mjini, nje ya shule. Mwaka 2004 Robert Katende alianza kuwafundisha watoto wa Katwe mchezo wa sataranji, akiwavuta kwa uji. Phiona Mutesi alifika kwa kumfuata kaka yake, akiwa na njaa kuliko hamu ya mchezo. Si Katende aliyemfundisha hatua za mwanzo. Alimkabidhi kwa msichana mdogo kuliko yeye, aliyekuwa ameanza kabla. Dunia inakumbuka kwamba Phiona aliiwakilisha Uganda kwenye Olimpiki ya sataranji na kwamba filamu ilitengenezwa kuhusu maisha yake mwaka 2016. Mimi nakumbuka zaidi yule mdogo. Mtoto aliyejifunza jambo juzi bado anakumbuka pale lilipomkwaza, na ili amwoneshe mwenzake ni lazima alipange kichwani mwake upya. Wawili hao wananufaika.

Lakini tazama mpangilio wenyewe: wawili wawili, ubao mmoja kati yao, kila mmoja na zamu yake, na kosa linaonekana mara moja kwa sababu farasi wako ameliwa. Darasani kwetu kikundi huwa watu 10, karatasi moja, kalamu moja, na anayeandika ni yule mwenye mwandiko mzuri. Wengine wanatazama nje. Kwa hiyo wapange wawili au watatu, hasa kama madawati yamefungamana na hayasogei. Kila mtu aandike kwake kwanza, dakika 2, ndipo walinganishe. Na usimwite kiongozi wa kikundi atoe taarifa, mwite yeyote. Wakijua kwamba yeyote anaweza kuitwa, hodari atahakikisha mnyonge ameelewa.

Niliwapanga wale wa Gulu na wenzao wa Kiganda kwa mtindo huu, kwa kutumia soko la darasani: vizibo vya soda kuwa fedha, vitabu, kalamu na viatu kuwa bidhaa. "Vitabu hivi ni vya nani? Vinauzwaje?" Baada ya kipindi cha tatu Waacholi wale walikuwa wakiwasahihisha Waganda. Kwa sababu hawakuwa na Kiganda cha kuwapoteza, mahali ambapo Kiganda na Kiswahili huachana hawakujikwaa.

Lugha ya mtoto inastahili neno la ziada, kwa kuwa ni mtindo wa kufundishia kuliko tunavyokubali. Mtaala wa darasa la 1 hadi la 3, ulioanza 2007, unataka mtoto afundishwe kwa lugha ya mahali alipo, darasa la 4 likiwa la kuvukia kwenye Kiingereza. Kampala tumeupa kisogo. Tunasema mji una makabila mengi, jambo ambalo ni kweli, kisha tunaanza Kiingereza tangu chekechea na kuwavisha vibao vya aibu wanaoteleza kwenye lugha ya mama. Watoto hao hujifunza mapema sana kunyamaza, na mtoto anayenyamaza humfichia mwalimu kila kitu.

Kaskazini, katika eneo la Lango, shirika la Mango Tree liliendesha mpango wa kusomesha watoto wadogo kwa Kilango, na watafiti Jason Kerwin na Rebecca Thornton wakaupima. Palipokuwa na mpango kamili, pamoja na mafunzo ya karibu kwa walimu, vibao vya kuandikia vya watoto na hata saa ya ukutani, watoto walipiga hatua kubwa katika kusoma na kuandika. Palipopunguzwa gharama, walimu wakafunzwa kwa kupokezana na vibao na saa vikaondolewa, kusoma hakukuongezeka kwa kiasi cha kutegemewa, na upande fulani wa kuandika watoto wakarudi nyuma kuliko wale ambao hawakuguswa kabisa. Nawaomba walimu wakuu wausome mfano huu mara mbili. Mtindo mpya uliochukuliwa nusu, kwa semina ya siku moja na picha ya pamoja, unaweza kuwaumiza watoto kuliko mtindo wa zamani uliozoeleka. Kama shule yako ina uwezo wa kubadilisha jambo moja tu mwaka huu, badilisha hilo moja, lifanye hadi lishike, na mwalimu aingie darasani kwa mwenzake kila wiki kumtazama. Usitangaze matano.

Kuhusu kiboko nitasema kwa kifupi kwa sababu sheria imekwisha kusema. Wizara ya elimu ilikikataza shuleni kwa waraka wa 2006, na marekebisho ya sheria ya watoto ya 2016 yakaweka katazo hilo kisheria. Bado kipo. Mbali na kuumiza mwili, kinaharibu kile tunachokitafuta: mtoto anayeogopa kukosea hatakuonesha kosa lake. Atanakili kwa jirani. Ukiona darasa ambalo hakuna anayekosea hata siku moja, uliza wanaogopa nini.

Wazazi wengi wameniuliza pia kama mtoto wao ni "wa kuona" au "wa kusikia", ili afundishwe kwa mtindo wake. Najua swali hili linatoka kwenye upendo. Mwaka 2008 wanasaikolojia 4 wa Marekani wakiongozwa na Harold Pashler walipekua tafiti za jambo hili na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba mtoto hujifunza zaidi akifundishwa kwa aina aliyobandikwa. Ramani hufundishwa kwa kuona, wimbo kwa kusikia, mtoto awe nani. Linalotofautisha watoto hasa ni kile wanachokijua tayari, kama nilivyofundishwa na Kiganda siku ile.

Mzazi, wewe una nafasi kubwa kuliko unavyodhani. Matokeo ya darasa la 7 yanapotoka, magazeti hujaa picha za watoto wa agrigeti 4, matokeo ya juu kabisa, na mwalimu mkuu anajua kwamba Januari utachagua shule kwa picha hizo. Mwalimu anayetaka kufundisha kwa kuelewa anakuogopa wewe. Mtoto akirudi nyumbani na kurasa mbili tu za daftari, unampigia simu mwalimu wa taaluma kuuliza karo inakwenda wapi. Na hata mtoto mwenyewe anaweza kukupotosha bila nia mbaya. Katika Chuo Kikuu cha Harvard, mwaka 2019, Louis Deslauriers na wenzake waliwafundisha wanafunzi wa fizikia kwa mitindo miwili: mhadhara mtamu uliotiririka, na kipindi cha kuhangaika na maswali kwa vikundi vidogo. Waliohangaika walijifunza zaidi, lakini waliamini wamejifunza kidogo. Mtelezo una raha yake, na raha hiyo hudanganya hata watu wazima.

Kwa hiyo jioni usimuulize "Mmeandika nini leo?" Muulize, "Leo ulikosea wapi, na mwalimu alikwambiaje?" Akikujibu kwamba hakukosea popote, wiki nzima, nenda shuleni ukaongee na mwalimu kwa upole. Uliza anawajuaje wasioelewa. Mwalimu mzuri atafurahi kuulizwa, kwa sababu hakuna anayemuuliza.

Nawe mwalimu mwenzangu, najua mshahara, najua msongamano, na mgomo wa walimu wa masomo ya sanaa mwaka 2022, baada ya wenzao wa sayansi kuahidiwa shilingi milioni 4, sijausahau. Sikuombi saa za ziada. Wiki ijayo, chagua kipindi kimoja. Weka simu yako mezani ikirekodi sauti. Jioni, ukiwa umekaa, sikiliza dakika 15 tu ukiwa na karatasi yenye safu 3: muda niliozungumza mimi, maswali niliyouliza na sekunde nilizosubiri, majina ya waliojibu peke yao. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilikuta majina 5. Katika darasa la watu zaidi ya 70, watu 5, na wanne kati yao walikaa safu mbili za mbele.

Ile karatasi niliibandika nyuma ya jalada la andalio la somo. Usibadilishe chochote kabla ya kuwa na karatasi yako. Ukishaipata, chora ramani ya darasa lako, tia alama kwenye madawati ambayo hayajasema neno, na kipindi kinachofuata anzia huko.